Hachibaki na wagoni za kifahari Marekani: niliziuza, naomba nijibu kwa kirefu

Mleta mada kauliza hivi: kama Ulaya kila mtaa umejaa hachibaki (gari fupi ambayo mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo) kama Audi A3 na Mercedes A-Class, na wagoni, yaani zile za mgongo mrefu kama za Volvo, kwa nini kampuni zisizimwage Marekani kwenye watu wenye hela? Wengi mmemjibu kwamba Wamarekani wanapenda ukubwa, basi. Mimi naona hilo ni nusu ya jibu. Niko Columbus, Ohio tangu 2008. Niliingia kwenye yadi ya magari ya Ulaya kama muosha magari, 2011 nikavalishwa tai nikawa muuzaji. Nimezikwangua theluji hizi gari alfajiri, nimezisogeza, nimezibembelezea wateja, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Gari yenyewe wanaitaka, wakuu. Wasichokubali ni kulipa bei ya kifahari kwa kitu kifupi kilicholala chini. Inyanyue kidogo, ibadilishe jina, wataipigania.

Ushahidi upo barabarani. Mercedes waliikatalia Marekani A-Class ya hachibaki, lakini 2014 wakaleta GLA, ambayo ni A-Class ileile imevalishwa viatu virefu. BMW X1 ya kwanza, iliyofika huku 2012, chini yake ni wagoni ya 3 Series. Lexus CT 200h, hachibaki ya haibridi, iliuzwa kuanzia 2011, ikaondolewa 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na UX, ambayo ukiitazama vizuri ni hachibaki iliyoinuliwa. Na kichekesho ni kwamba ukivuka mto pale Detroit ukaingia Windsor, Canada, A-Class ya hachibaki waliiuza kuanzia toleo la 2019. Mto mmoja tu, theluji ileile.

Sasa niwape kisa. Jumamosi moja ya Februari 2012, theluji imegeuka tope jeusi la chumvi, akaja mzee mmoja na mkewe. Mzee kastaafu, mama bado ni nesi. Wanarudisha sedani waliyokuwa wameikodi kwa mkataba wa miaka mitatu. Nikawapeleka kwenye A3 ya bluu iliyokuwa imelala uwanjani tangu Oktoba. Nikafungua mlango wa nyuma, nikalaza viti, nikamwambia mzee alete kizimba cha mbwa wake tukijaribu. Kikaingia na nafasi ikabaki. Mzee akaiendesha hadi barabara kuu, akarudi anacheka peke yake, anasema hajawahi kushika gari inayokata kona namna ile. Mama alikuwa kasimama pembeni, mikono mfukoni, anasoma karatasi ya bei dirishani. Gari ile ilianzia kama dola 27,000, na hii yetu kwa mapambo iliyobandikwa ilikuwa imeshapita 33,000. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo hii ndiyo ile ndogo?"

Hapo nikajua biashara imekufa. Waliondoka na Q5, ile SUV (gari kubwa iliyoinuka) ya Audi, na tofauti ya malipo ya mwezi haikufika dola 50.

Hiyo hesabu ya mwezi ndiyo watu wa mbali hawaioni. Huku gari nyingi za kifahari hazinunuliwi, zinakodiwa miaka mitatu halafu zinarudishwa. Unacholipia hasa ni thamani inayopotea katika miaka hiyo, pamoja na riba. Gari ambayo soko la mitumba linaigombania hupoteza kidogo, kwa hiyo kuikodi kunakuwa nafuu hata kama bei yake dirishani ni kubwa. SUV inagombaniwa. Hachibaki ya kifahari ikirudi, soko linaiangalia kama hachibaki nyingine yoyote. Hivyo mteja anakuta ndogo na kubwa zinakaribiana kwa mwezi, na mwenye akili timamu anachukua kubwa. Huwezi kumlaumu.

Halafu kuna mwenye yadi. Gari unazoziona zimepangwa uwanjani, nyingi kazichukua kwa mkopo, na kila usiku gari inapolala pale riba inatembea. Meneja wetu alikuwa na ubao ofisini: gari ikifikisha siku 90, namba yake inaandikwa kwa kalamu nyekundu, na kila anayeingia kikao cha asubuhi anaiona. Ile A3 ya bluu ilikaa kwenye wino mwekundu hadi Mei, ikatoka kwa punguzo la kuumiza. Meneja alipokaa kuagiza mzigo mwingine, mnadhani aliweka hachibaki ngapi? Ndiyo maana hata yule mteja mmoja anayeitaka kweli akija haikuti, na asichokikuta hakinunui, na kampuni inaandika kwamba haina soko. Audi wenyewe waliisimamisha A3 ya milango mitano baada ya toleo la 2013, wakaleta sedani yenye buti kuanzia dola 29,900. Hizo zilikuwa hazikai wiki. Gari ileile, imeongezewa mkia, na nafasi ya mizigo imepungua!

Suala la heshima nalo lipo. Hachibaki za mwanzo ambazo Wamarekani walizizoea ni zile za miaka ya 1970, Chevrolet Chevette na AMC Gremlin, gari za mtu anayebana petroli. Umbo likabaki na harufu ya unyonge. BMW walijaribu 318ti mwaka 1995, Mercedes wakajaribu C230 ya milango mitatu mwaka 2002, Volvo wakaja na C30. Zote zilikufa bila mrithi huku. Wagoni zilikuwa na kesi nyingine: hizo ndizo zilizowalea hawa wazee, wazazi wao wakawapakia nyuma kwenda likizo, halafu Chrysler wakaja na minivani za toleo la 1984 na hadithi ikaisha. Mtu hapendi kuendesha gari ya mama yake.

Wa Dar mtanielewa vizuri kwa mfano wa Toyota IST. Si ya kifahari, najua, msinirukie. Lakini IST hiyohiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA (Scion ilikuwa chapa ya Toyota huku) hadi 2006, ikafuatiwa na xD, na 2016 Toyota wakafunga Scion yote. Kwetu mtu akinunua IST mtaa mzima unajua kapanda daraja. Huku ilikuwa gari ya mwanafunzi wa chuo. Kwetu TRA, watoza kodi, inakutazama cc (ukubwa wa injini) kabla haijakutazama sura, na kituo cha mafuta kinamalizia kazi. Huku hakuna wa kukukumbusha. Nilipofika 2008 petroli ilivuka dola 4 kwa galoni na watu wakazikimbilia gari ndogo kama nyumba inaungua. Galoni ni karibu lita 3.8, kwa hiyo kilichowaliza ni kama dola moja kwa lita, bei ambayo Mjerumani wa mwaka ule angeishangilia. Mwisho wa mwaka bei ikaanguka, na wao wakarudi kwenye pikapu na SUV zao.

Wagoni zilizopona zimepona kwenye ncha mbili. Ya kwanza ni Subaru Outback. Ile ni Legacy wagoni mnayoijua, imeinuliwa, tumbo lake liko inchi 8.7 juu ya lami. Kuanzia toleo la 2005 Subaru waliitengeneza ikidhi vigezo vya kuhesabiwa lori jepesi (kundi la kisheria la pikapu na SUV), ambalo sheria ya matumizi ya mafuta inalibana kidogo kuliko gari ndogo. Serikali yenyewe ilikuwa inakulipa uinue gari. Na toleo jipya walilolionyesha New York 2025 limeacha aibu kabisa, ni kisanduku cha SUV. Ncha ya pili ni ya matajiri: Audi RS6 Avant na BMW M5 Touring, zote zaidi ya dola 100,000. Huyo hanunui nafasi ya mizigo, ananunua kitu ambacho jirani yake daktari hana. Katikati, pale ambapo mwalimu na mhasibu wa Ulaya wanapata wagoni yao, huku pamebaki karibu pakavu.

Na wale mashabiki wanaopiga kelele mitandaoni kwamba wanataka wagoni ya kahawia, ya dizeli, ya gia za mkono? Wapo, nimewapokea wengi yadini. Wanakuja na maarifa kuliko mimi, wanapiga magoti kutazama uvungu, wanapiga picha, wanashukuru, wanaondoka. Wanasubiri izeeke. Nisijitoe humo, mimi ni mmoja wao. Gari yangu ni Volvo V50 ya 2007, niliinunua 2014 kwa dola 6,800 ikiwa na maili 96,000, kwa mwalimu wa chuo aliyeitunza kama kitabu cha maktaba. Miaka mitatu nilikuwa nawahubiria watu hachibaki na wagoni, na katika maisha yangu yote sijampa mtengenezaji hata senti moja kwa ajili ya mpya.

Kwa hiyo, kama swali ni zitauzika, jibu langu ni hapana, labda zipakwe jina la SUV. Kama swali la kweli ni lile uliloligusa mwishoni, mleta mada, kwamba kaka yako yuko Minneapolis na anaitaka moja, basi mwambie ana bahati, kwa sababu kisichopendwa kikiwa kipya huwa rahisi kikiwa mtumba. Ila aitafute majimbo ya kusini na asafiri kuifuata. Za huku kaskazini chumvi inazila kwa chini huku rangi juu inang'aa. Alale chini na tochi, achokonoe chuma karibu na tairi za nyuma kwa bisibisi kabla hajataja bei. C30 ikimvutia, ajue mlango wa nyuma ni kioo kitupu, ukipasuka ndio mlango wenyewe umepasuka.

Ya kwangu sasa imepita maili 180,000. Theluji ikiisha nitaiosha niwawekee picha hapa.