Besi inayopotea bendi ikianza

Ndugu yangu, unasema gitaa lako la besi linanguruma vizuri chumbani, lakini kanisani bendi ikianza halisikiki, hata ukifungua besi, yaani sauti nzito, yote kwenye amplifaya. Irudishe katikati. Uzi mnene wa E ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo nyingi hazifiki huko chini. Punguza sauti kidogo kwenye hezi 250, panapoleta ule mvumo mzito, kisha pandisha kwenye 800: hapo ndipo utasikia kidole kikigusa uzi. Mimi hutanguliza pedali ya kompresa, inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, kisha pedali ya mkwaruzo, inayokwaruza sauti, ifuate. Hiyo ya mkwaruzo tafuta yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi, maana nyingi hula besi. Na urekebishe bendi ikiwa inapiga, tafadhali, usirekebishe peke yako.