Mjamzito na heroini: asiache ghafla
Kuna swali kama dada mmoja mjamzito wa Ngamiani, Tanga, afungiwe ndani ili aache heroini kwa siku moja. Hapana, asifungiwe, kwa sababu arosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, humtikisa mama pamoja na mtoto aliye tumboni, na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unapendekeza methadoni chini ya uangalizi, dawa ya kutumiwa badala ya heroini, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na ambayo kwa Tanga hutolewa hospitali ya Bombo. Dozi yake huenda ikaongezwa kadiri mimba inavyokua, jambo ambalo ndugu hulidhania, kimakosa, kuwa ni kurudi nyuma.

Mtoto naye anaweza kupata arosto baada ya kuzaliwa: hutetemeka, hulia kwa sauti kali na hunyonya kwa shida. Hali hiyo hutibika, ila kwa methadoni dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, hivyo mama asiharakie kutoka wodini. Iwapo anatumia dawa za kufubaza VVU, awaeleze wahudumu mapema, kwani baadhi yake hupunguza nguvu ya methadoni.