Maji ya kijani bwawani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mabwawa ya majitaka jirani na kwetu yamekuwa ya kijani kibichi. Yameharibika? Na ni kweli maji yake yanalisha magugu maji ya Ziwa Victoria?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayajaharibika. Kijani hicho ni mwani, yaani vijimea vidogo sana vya majini, nao unakula naitrojeni na fosforasi iliyomo kwenye majitaka. Nilipokuwa nikihudumia mabwawa, alfajiri nilipima pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji; 7 ni katikati) nikapata 7.5, saa nane mchana, jua likiwaka, ilipita 9, kwa kuwa mwani ukipata mwanga hufyonza kaboni dioksidi na maji huzidi kuwa ya alkali. Hapo sehemu ya amonia, ambayo ndiyo imebeba naitrojeni, hugeuka gesi ikapaa, na fosforasi hushikana na kalisi (kalsiamu) ikazama topeni. Ndiyo maana mabwawa ya mwisho huchimbwa kina kifupi, kama mita moja, mwanga upenye.

Ila mwani ukitoka na maji, umebeba chakula kilekile hadi ziwani, na magugu maji yatashiba, ingawa mbolea ya mashambani nayo inachangia. Sisi tuliyapitisha maji kwanza kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, yanyonye chakula hicho. Nakusihi, ukiwaona wahudumu waulize: matete mnayakata? Yakiozea palepale yanarudisha chakula hicho majini. Tope nalo lizolewe kabla halijajaa.