Wasomaji wanauliza: tramu ya mezani

Swali (Mafinga): Januari nilitandika reli za tramu ya mfano ya uwiano wa 1:87 (ndogo mara 87 kuliko ya kweli) juu ya meza ya mbao za paini. Sasa Agosti reli zimebinuka na tramu inaanguka kila ikipita hapo. Ni baridi ya huku?

Jibu: Baridi unaisingizia. Reli ya mita moja ikipoa kwa nyuzi 15 hupungua robo tu ya milimita, na kufupika hakuibinui. Tazama mbao. Paini ya Sao Hill mnaipata jirani, mara nyingi ikiwa bado mbichi. Kiangazi kikifika ubao husinyaa kwa upana, na reli zilizopigiliwa kuukatiza hubanwa zisiwe na pa kwenda ila juu. Ng'oa misumari ya hapo, kata reli kwa msumeno mwembamba na uache mwanya wa nusu milimita, penye mstari ulionyooka, si kwenye kona. Ukija kutengeneza meza nyingine, tumia fremu ya mbao kavu yenye vipingo kila sentimita 40, juu yake plaiwudi ya milimita 12. Paka rangi ya mafuta juu na chini. Upande ulioachwa wazi huvuta unyevu, ubao ukapinda.

Swali (Mbeya): Umeme wangu ni wa volti 12. Karibu na adapta tramu inakimbia, upande wa pili wa meza inajikokota. Magurudumu ni safi. Ninunue adapta kubwa?

Jibu: Hiyo pesa nunulia waya. Umeme unapotelea kwenye viungio vya reli, kila kimoja kikila kidogo. Pima kwa mita huku tramu inatembea. Reli zikiwa tupu utasoma volti 12 kila mahali, udanganyike. Pitisha chini ya meza nyaya mbili za milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye kidhibiti mwendo, na kila mita moja pandisha relini vipande vifupi vya 0.5. Nyekundu iende reli ya nje, nyeusi ya ndani. Ukichanganya hata mahali pamoja, ni shoti.

Kulehemu ndiko kunakoharibu reli za watu. Kwangua ubavu wa nje wa reli, paka lehemu kwenye reli na kwenye waya kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa sekunde mbili tatu. Ukikawia, mataruma ya plastiki (vipande vilivyolala chini ya reli) yatayeyuka, kwa hiyo weka pamba iliyoloweshwa maji kulia na kushoto ipunguze joto. Juu ya reli msasa usipite kabisa: mikwaruzo hukamata vumbi. Kitambaa na spiriti vinatosha.

Swali (Iringa): Tramu ikiingia kwenye kitanzi cha kugeuzia, umeme unakatika.

Jibu: Reli ya kulia imezunguka ikaigusa ya kushoto. Weka viungio vya plastiki kwenye reli zote mbili, kitanzi kinapoanza na kinapoishia. Kitanzi kipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye kidhibiti. Njia kuu ipitie swichi ya kugeuza chanya na hasi, yenye miguu sita. Tramu ikishaingia yote, geuza swichi pamoja na pointi (reli za kubadilishia njia) kabla haijatoka. Kitanzi kifupi kuliko tramu hakitafaa. Tramu yenye vyumba viwili vya dereva haihitaji kitanzi.

Swali (Tunduma): Treni ya TAZARA itapita kwenye reli hizohizo za tramu, zenye upana wa milimita 16.5?

Jibu: Ukitaka vipimo sahihi, hapana. Geji ya TAZARA, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1,067. Kwa 1:87 inatoka kama 12.3, hivyo tafuta reli za milimita 12.