Njiti kuwekewa mashine ya mapovu si kupunjwa

Mkuu, pole kwa hofu na hongera kwa mtoto. Umeuliza kwa nini njiti wako, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 30, kawekewa "mashine ya mapovu" badala ya ile kubwa ya kupumulia, na kama ni kwa sababu huna hela. Mimi ni muuguzi wa wadi ya watoto wachanga hapa Mbeya. Hapana, hajapunjwa.

Mapafu ya njiti yana upungufu wa ute unaozuia vifuko vya hewa kunatana. Kila akitoa pumzi vinagandana kama mifuko ya nailoni iliyolowa, na kuvifungua upya kunamchosha. Mashine kubwa inasukuma hewa kwa mrija uliopitishwa kooni. Ikisukuma nyingi, vifuko vinatanuka kupita kiasi; vikiachwa vinywee halafu vifunguliwe kwa nguvu, kuta zinachubuka. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia kwenye jeraha, mapafu yanavimba kwa ndani, na hali hiyo ikidumu mtoto anaweza kuhitaji oksijeni kwa wiki nyingi. Ndiyo maana hata anayelazimika kuwekwa huko hupewa hewa kidogo tu, mililita 4 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa pumzi moja, na hutolewa mapema inapowezekana.

Hii ya mapovu, inayoitwa sipapu (CPAP), haimpumulii. Anapumua mwenyewe, yenyewe inazuia vifuko visifunge. Mrija wa kutolea hewa umezama kwenye chupa ya maji. Kina cha mrija ndani ya maji, mfano sentimita 5, ndicho kinachopanga nguvu ya hewa anayopata. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu njiti wadogo kuliko wako, wa wiki 25 hadi 28, na zaidi ya nusu ya walioanza na sipapu hawakuhitaji mrija kooni siku 5 za mwanzo.

Kinachoniumiza zaidi ni baridi yetu. Njiti wanaletwa kutoka Makete mwezi Juni, wamefungwa kanga mbichi, miguu kama barafu. Mwili unamaliza oksijeni kutafuta joto, na ule ute unazidi kupungua. Akitulia, ombeni mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, hata akiwa na sipapu. Kofia na soksi zisikosekane.

Mkiwa pale tazameni chupa. Mapovu yakikoma, mara nyingi vijirija vya puani vimechomoka au mdomo uko wazi. Msivirudishe wenyewe, muiteni nesi. Muiteni pia akianza kuguna, mbavu zikibonyea ndani, au akikatisha pumzi. Hapo daktari akisema sasa anahitaji mashine kubwa, kubali haraka.