Maswali yenu: Umasikini umepungua, mbona huku hatujauona ukiondoka?

SWALI: Assalaam alaykum mamkubwa. Mimi kijana wa Konde huku Pemba, msimu ukiwepo nachuma karafuu, usipokuwepo naendesha bodaboda. Juzi nimesikia redioni umasikini Zanzibar umepungua, nikamwambia mama, akacheka mpaka akashika mbavu. Hivi wanatuhesabu na sisi, au wanahesabu Nungwi halafu wanasema Zanzibar nzima?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Mama yako ana haki ya kucheka, lakini redio nayo haikudanganya, na hapo ndo penye utamu. Mnahesabiwa nyote. Upo utafiti wa bajeti za kaya, wanaingia majumbani wanaandika nyumba imekula nini na imenunua nini, hata ule muhogo mliochimba wenyewe shambani unatiwa bei, halafu wanaangalia nani hafikii mahitaji ya lazima. Mwaka 2009/10 wasiofikia walikuwa asilimia 34.9 ya Wazanzibari, 2014/15 wakawa 30.4, na 2019/20 wakashuka mpaka 25.7. Hiyo ndo habari yako ya redioni.

Sasa tenganisha visiwa. Katika ile miaka mitano ya mwanzo Unguja umasikini ulishuka na Pemba ULIPANDA, kutoka kama asilimia 48 mpaka 55 hivi, wakati huohuo jumla inasomeka imeshuka, mana Unguja ndo wenye watu wengi. Sensa ya 2022 Unguja watu 1,346,332, Pemba 543,441. Ukivitia chungu kimoja, Pemba haisikiki ladha yake.

Najua utanambia, mamkubwa, mbona miaka ileile ndo karafuu zilipanda bei? Kweli, 2011 serikali ilipandisha mpaka shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza na watu walifurahi sana, si uongo. Lakini bei ya kilo ni ya mwenye mti. Wewe unayepanda juu unalipwa kwa pishi, tena karafuu mbichi, na ukishuka na polo lako hesabu yako imeisha palepale. Na mkarafuu nao una hila zake, mwaka huu unazaa mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unakuangalia tu. Dada yangu ana miti kumi na kitu karibu na Wete, msimu mmoja alianika majamvi manne kando ya njia, mvua ikaja ghafla alasiri, tukakimbia na kanga na maturubai na watoto wa jirani, mbili tuliziwahi mbili zikaroa, zilipokauka zina weupe na kwenye kituo cha kununulia karafuu zikashushwa daraja. Pesa za mabati zikawa za sare za skuli. Hakuna utafiti utakaoandika ile mvua, lakini itaonekana kwenye sahani ya usiku.

Unguja wamepata kitu chengine, mshahara wa mwezi. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje na zinazozunguka hoteli, dereva wa teksi, fundi wa mafriji, muuza dafu. Hautoshi mshahara wenyewe, lakini unakuja msimu wa mikarafuu na usio wa mikarafuu. Na hizo hoteli hazikujiotea, zimefata njia na umeme. Unajua waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara ulifika Unguja mwaka gani? 1980. Pemba, kutoka Tanga, ni 2010. Miaka thelathini wenzenu wanagandisha samaki na nyie mnasikiliza jenereta likikohoa, halafu mtu anauliza kwanini wawekezaji hawakuja Pemba (mie hili huwa linanipandisha presha).

Jengine, vijana wa Pemba mnavuka. Mtu akitoka Konde akaenda kuuza nguo Darajani, sokoni kule mjini Unguja, anahesabiwa Mjini sio kwenu, hata kama kila Ijumaa anamtumia mama yake pesa kwa simu. Kwahiyo hata mafanikio yenu mengine yanaandikwa Unguja.

SWALI: Mamkubwa, mimi naishi Paje nyuma ya hoteli kabisa, mama analima mwani. Kama hoteli ndo dawa mbona sisi bado?

JIBU: Mana ukuta wa hoteli una mlango wa mbele na wa nyuma mwanangu. Simama pale wa nyuma asubuhi uangalie gari inashusha nini, nyanya, vitunguu, mayai, mengi yametoka bara kwa boti, na nyumba ya tatu kuna mtu ana kuku lakini hajuani na meneja. Na mwani anaoulima mama yako ni wa bei ndogo, ule aina ya cottonii ndo unaolipa lakini maji yakipata joto unakufa. Kamuulize anayepokea mizigo pale anataka trei ngapi za mayai kwa wiki, halafu niandikie tena, tutapiga hesabu ya chakula cha kuku pamoja.