Ananing'ang'ania mlangoni mwa chekechea

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 yuko wiki ya pili chekechea. Kila asubuhi analia na kunishika nguo. Je, nitoroke akianza kucheza? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Usitoroke, mama. Akigeuka asikuone, kesho atakung'ang'ania zaidi, maana ameshajua unaweza kutoweka wakati wowote. Muage waziwazi: mkumbatie, mwambie, "Nitakufuata ukishamaliza kula," mkabidhi kwa mwalimu yuleyule kila siku, kisha uondoke bila kurudi kuchungulia dirishani. Dakika 2 au 3 zinatosha. Saa ya kumchukua usichelewe kabisa. Hapo ndipo ahadi yako inapopimwa.

Muulize mwalimu analia kwa muda gani ukishaondoka, kwani wengi hunyamaza upesi. Akilia kutwa na kukataa kula, ombeni apunguziwe saa kwanza.